Wembe Mmoja kwa Duara Zima

Niliondoka Shinyanga mjini asubuhi moja bila kumuaga mtu na bila kujua ninakokwenda. Hakukuwa na ugomvi wowote. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, nauza chai na vitumbua, na asubuhi hiyo niliwasha jiko, nikalitazama likishika moto, kisha nikalimwagia maji. Watu wengi huhitaji sababu ya kuondoka mahali. Mimi huhitaji sababu ya kubaki, na siku hiyo sikuiona. Nikafunga nguo zangu kwenye kitenge pamoja na sufuria moja, nikatoka barabarani.

Lori la magogo lilikuwa limesimama likijazwa upepo kwenye matairi. Dereva akaniona nimesimama na furushi langu.

"Dada, unamsubiri nani?"

"Wewe unaenda wapi?"

"Mwakitolyo. Napeleka magogo ya kuzuia maduara ya dhahabu yasiporomoke."

"Basi na mimi naenda huko huko."

Akacheka. "Una mume huko?"

"Sina mume popote. Fungua mlango."

Shule niliiacha darasa la sita. Siyo kwamba nilikuwa nashindwa. Kila nilipouliza kitu, mwalimu alijibu kwamba hilo tutalisoma mwakani, na mimi sikuwa na subira ya kungoja mwakani. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza njiani. Nimewauliza mafundi redio, wapima ardhi, wauza sumu ya panya na wachimba makaburi. Nikipewa andazi limefungwa kwenye gazeti, nasoma gazeti kwanza. Kwa hiyo nilipofika Mwakitolyo na kuona ardhi yote imetobolewa, watu wanaingia na kutoka kwenye mashimo, nilijua nitakaa kidogo. Palikuwa na mengi ya kuuliza.

Nilipata kazi ya kuponda mawe. Wanaume wanashuka kwenye duara, ndilo shimo lenyewe, wanapandisha mawe ya mbale yenye dhahabu, na sisi wanawake tunakaa chini ya turubai tunayavunjavunja kabla hayajapelekwa kusagwa kwenye krasha. Unakalia ndoo iliyogeuzwa, miguu umeitanua, jiwe umeliweka ndani ya kipande cha tairi kilichokatwa mviringo ili vipande visiruke, na unapiga. Jioni mikono inaendelea kupiga hata ukiwa umeshika kijiko.

Kabla ya kupewa nyundo, nilichanjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya duara letu. Shimo jipya likifunguliwa, mwenye duara anamwita mganga, ambaye kule wanamwita mtaalamu. Wote wanaohusika na shimo hilo wanapanga mstari: wachimbaji, wabebaji, waponda mawe, mpaka mpishi. Mtaalamu anachukua wembe mmoja, anamchanja kila mtu kwenye kifundo cha mkono, anapaka dawa nyeusi. Mwisho kabisa anajichanja mwenyewe kwa wembe ule ule, na huko ndiko kufunga. Maana yake ni kwamba damu yenu imekuwa moja, na atakayewaficha wenzake jiwe la mbale, damu hiyo itamkaba. Wembe lazima uwe mmoja. Kila mtu akija na wake, kiapo hakishiki. Baadaye mbuzi anachinjwa, mnakula.

Nilimuuliza mtaalamu dawa ile nyeusi ni nini. Hakuwa mzee wala mtu wa kutisha, alikuwa mwanaume wa makamo mwenye pikipiki nyekundu na simu mbili. Akaniambia, "Ukishajua, haitafanya kazi." Nikaona amejibu vizuri kuliko mwalimu wangu. Swali la wembe halikunijia kabisa. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo nililiacha likapita mkononi mwangu, kwa sababu kila mtu alikuwa amenyoosha mkono.

Nilikaa pale misimu miwili. Rafiki yangu alikuwa mwanamke aliyekuja baada ya kiapo chetu, tukimwita Mama Mapacha. Mapacha wenyewe aliwaacha kwa mama yake kijijini. Alikuwa na mimba nyingine, tumbo limeanza kuonekana, na alikuwa akiponda mawe huku akiyasema kama watu. "Toa, toa, mwanaharamu wewe, najua unayo." Tulikula sahani moja.

Siku moja kichwa cha nyundo kilichomoka kwenye mpini wa jirani, kikanichana muundi mpaka nikaona kitu cheupe ambacho sikutakiwa kukiona. Mama Mapacha akanifunga kwa kanga yake, nikapakiwa kwenye pikipiki, zahanati wakanitazama wakasema huyu aende mjini. Ndivyo nilivyoingia kitengo cha dharura cha hospitali, nimebebwa, kitenge kimeloa damu na vumbi.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa rika la dada yangu mkubwa. Alisafisha kidonda bila maneno mengi, kisha akavuta kitoroli kidogo.

"Kabla daktari hajashona, nataka nikutoboe kidole. Tunapima virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina C."

"Nimekuja na mguu, nesi."

"Nauona."

"Sasa kidole kimefanya nini?"

Mzee aliyelala kitanda cha pili, mkono wake umefungwa ubao, akacheka mpaka akakohoa.

Muuguzi hakucheka. "Hapa tunampima kila mtu mzima anayeingia. Ukikataa, unasema tu, na mguu utashonwa vile vile."

"Kila mtu? Au kila mwanamke anayetoka machimboni?"

"Mwanangu," yule mzee akaingilia, "mimi ni katekista. Nimeanguka kwenye ngazi za kanisa. Nimetobolewa kidole, na mke wangu alikuwa pale mlangoni ananitazama kama mwizi wa ng'ombe mpaka majibu yalipotoka."

"Na akija mkuu wa wilaya?" nikamuuliza muuguzi.

"Akija amezirai tutamsubiri azinduke tumuulize. Akizinduka, kidole."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukataa. Mwanamke anayezunguka peke yake hupimwa kila siku. Anapimwa kwa macho stendi, anapimwa kwa macho gesti, anapimwa na mke wa mwenye duka, na majibu yake hutolewa bila tone la damu. Nilikuwa nimepimwa hivyo tangu nina umri wa miaka kumi na kitu. Nilitaka kumwambia yule muuguzi kwamba wamechelewa, wenzake wote walishanipa majibu.

Lakini nikamuuliza swali moja. "Kwa nini msiweke siku ya kupima, mtu akaja mwenyewe kwa hiari yake?"

Akaweka pamba chini. "Siku hizo zipo. Wewe uliwahi kuja?"

Nikautazama mguu wangu.

"Ninyi wa machimboni hamji hospitali kwa miguu yenu. Mnakuja mmebebwa. Tukikushona tukakuacha, kesho uko Mwakitolyo, keshokutwa Chunya. Nitakukamata wapi tena? Hapa ndipo ninapokuona. Leo."

Nikamtolea kidole. Sikutoa kwa utii. Nilitoa kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anataka kunipima kwa kitu ambacho hata mimi ningeweza kukiona. Nikamwambia, "Na majibu nataka kuyaona kwa macho yangu. Usinisimulie."

"Utayaona."

Mguu ulikuwa umeshashonwa aliporudi. Akavuta pazia, akaniwekea vipimo viwili vidogo mbele yangu kwenye karatasi. Kimoja kilikuwa na mstari mmoja. Kingine kilikuwa na miwili.

"Huu mmoja ni wa virusi vya UKIMWI. Huna." Akagusa kile cha pili. "Hiki ni cha homa ya ini C. Mistari miwili maana yake mwili wako umewahi kukutana na kirusi. Kuna watu ambao mwili unakifukuza wenyewe. Kwa hiyo tunatoa damu ya mshipani, ipelekwe ikapimwe kama bado kimo."

"Naumwa wapi? Siumwi popote."

"Ndiyo tabia yake. Kinakaa kwenye ini miaka, hujui. Siku ukijua, ini limeshachakaa." Akaanza kuniuliza. Nimewahi kuongezewa damu? Hapana. Sindano za mitaani? Hapana. Tatoo? Hapana. Chale?

Nikageuza mkono, nikamwonyesha kifundo.

"Wembe ulikuwa wa nani?"

"Wa duara."

"Nakuuliza wembe ulikuwa wa nani."

"Nakwambia wa duara. Wembe mmoja, duara zima."

Muuguzi akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Upande wa pili wa pazia katekista alikuwa ameacha kukohoa. Muuguzi akasema polepole, kama mtu anayehesabu watu asiowaona, "Mpaka mpishi?"

"Mpaka mpishi."

Siwezi kusema nani alileta kirusi kile kwenye wembe. Huenda aliyekuwa mbele yangu, huenda aliyekuwa mbele yake. Huenda hata nilikuja nacho kutoka kwingine nisikokujua. Muuguzi aliniambia hilo waziwazi, na nilimheshimu kwa kutonipa jibu rahisi. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba wembe ule ulikuwa njia pana kuliko barabara ya lami.

Niliporudi kutoa nyuzi, kipimo cha pili kilikuwa kimetoka. Kirusi kilikuwemo. Daktari kijana akanieleza kwamba kuna vidonge vinavyomezwa miezi michache na wengi wanaovimeza wanapona kabisa, kwamba wakati huo vilikuwa vinatolewa kwenye kliniki upande wa Geita, na angeniandikia barua. Kisha akaniambia kitu nilichokishika: haipiti kwenye sahani, haipiti kwenye kitanda mtu akilala tu, haipiti kwa kushikana mikono. Inapita kwenye damu. Mama mjamzito akiwa nayo, mtoto anaweza kuipata.

Nikarudi Mwakitolyo nikaagane na watu na kuchukua nilichoacha. Nilimwambia Mama Mapacha kwanza, tukiwa kwenye mawe. Aliweka nyundo chini.

"Tunakula sahani moja, shoga yangu."

"Haipiti kwenye sahani."

"Una hakika?"

"Daktari ana hakika. Mimi nimemuuliza mara tatu."

Akafikiri kidogo. "Basi njaa inaniuma, leta." Tukala. Halafu akasema, "Usiwaambie. Nenda kanywe dawa zako, upone, urudi. Ukiwaambia watakufukuza."

Ningeweza kufuata ushauri huo, na mpaka leo sioni kama ulikuwa ushauri mbaya. Lakini jioni hiyo hiyo mwenye duara alipita kwenye turubai akatangaza kwamba shimo jipya linafunguliwa, mtaalamu anakuja kesho asubuhi, hakuna kukosa. Akanionyesha kidole. "Wewe wa zamani utaanza." Ilikuwa kawaida. Aliyechanjwa kwenye shimo lililotoa dhahabu hutangulizwa kwenye shimo jipya, eti damu yake inafungua njia. Halafu akamnyooshea Mama Mapacha. "Na wewe mgeni, nyuma yake."

Tulitazamana. Yeye akashika tumbo.

Kuondoka alfajiri kungekuwa rahisi. Kuondoka ndiyo kazi ninayoijua. Ila nikiondoka, wembe ungebaki, na kwenye mstari ule kulikuwa na watu wa kiapo cha zamani, wenzangu wa damu, ambao hawakujua walichonacho. Mama Mapacha angekuwa nyuma ya mmojawapo. Naye asingeweza kukataa peke yake, kwa sababu kwenye duara anayekataa kuchanjwa amekiri wizi. Nikaenda dukani nikanunua nyembe, pakiti kwa pakiti, mpaka muuza duka akaniuliza kama nimefungua saluni.

Asubuhi tulipanga mstari kwenye mdomo wa shimo jipya. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti wa winchi ya kupandishia mawe. Mtaalamu alifungua wembe kwenye karatasi yake, akauweka juu ya ungo.

"Mwangaluka, wenzangu," akasalimia.

"Mwangaluka."

Akaniita. Nikasogea mbele, lakini mkono nikauweka nyuma.

"Sichanjwi."

Mwenye duara akapanda juu ya kifusi. "Umeiba nini?"

"Sijaiba. Nina homa ya ini aina C. Imo kwenye damu. Wembe huu ukinigusa mimi kwanza, unampelekea kila aliye nyuma yangu. Na nyuma yangu yupo mjamzito."

Mchimbaji mmoja, mtani wa kambi nzima, akapaza sauti kutoka nyuma. "Sema ukimwi tu, shangazi, usizungukezunguke!"

Watu wakacheka. Nilikuwa nimekingoja kicheko hicho.

"Ukimwi sina. Nimepimwa. Wewe umepimwa?"

"Mimi niko fiti."

"Nani kakwambia?"

"Mwili wangu."

"Na wangu uliniambia hivyo hivyo. Mwili wako na wangu imesoma shule moja."

Kicheko kikabadili upande. Mtani akashika kifundo cha mkono wake bila kujua anakishika. Na yeye alikuwa wa kiapo cha zamani.

"Mimi najua nilichonacho," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nina barua ya kwenda kupata dawa. Ninyi mnaocheka hamjui mlichonacho. Tulichanjwa pamoja, wembe mmoja. Kama damu yetu ni moja kama mnavyosema, basi na hii ni yenu. Nendeni mkapime. Na leo kila mtu achanjwe kwa wembe wake, nimeleta."

Nikazimwaga pakiti kwenye ungo.

"Kila mtu na wembe wake, kila mtu na kiapo chake," mwenye duara akasema. "Nani atamlinda nani? Wewe unataka kutuvunjia duara."

"Bosi, wewe mwenyewe ulichanjwa lini?"

Wenye maduara hawachanjwi. Mali ni yao, watajiibiaje?

Lakini mtu niliyekuwa nikimwangalia ni mtaalamu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ungo, wembe wake mmoja umelala kati ya pakiti zangu. Nikachuchumaa na mimi, mguu ukiniuma, nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa sababu hili halikuwa la kumwaibisha.

"Mtaalamu, wewe ndiye unayefunga. Kila duara, mwisho wa mstari, wembe ule ule, baada ya watu wote. Umefunga maduara mangapi?"

Alishusha macho kwenye mkono wake wa kushoto. Chale zilikuwa zimepandana mpaka ngozi imekuwa kama ganda la mti. Alianzia kifundo, na nafasi ilipokwisha akawa amepanda juu, karibu na kiwiko. Alivitazama vidonda vile vya zamani kama mtu anayesoma.

Kisha akaufunga wembe kwenye karatasi yake. "Leo hapakatwi."

"Unasemaje?" mwenye duara akauliza.

"Leo hapakatwi, bosi. Dawa imekataa."

"Dawa imekataa au umemwogopa mwanamke huyu?"

"Bosi, mimi sijakufundisha kuchimba."

Akakusanya vitu vyake. Watu wakafungua njia. Alipopita karibu nami hakunitazama, alikuwa anatafuta funguo mfukoni. "Hospitali gani?"

Nikamwambia.

"Wanamuuliza mtu kazi anayofanya?"

"Waliniuliza jina na umri. Halafu wakaniomba kidole."

Akapiga kiki, pikipiki ikakataa, akapiga tena, ikawaka. Sikujua anaelekea upande gani. Njia ile inagawanyika baada ya krasha na vumbi lilikuwa jingi.

Mwenye duara alinipa mpaka jua liwe juu niwe nimeondoka. Alisema kuna wataalamu wengine wasio waoga, atamleta mmoja wiki hiyo hiyo. Pia alisema mawe yangu ambayo sijayaponda ni yake. Nilimwambia achukue, na aombe yasiwe yamechanjwa. Ilikuwa jeuri tupu, lakini ndicho nilichokuwa nacho.

Mama Mapacha alinisindikiza mpaka mwisho wa maturubai. Alikuwa ameokota zile pakiti za nyembe zote, hakuacha hata moja, amezifunga kwenye pindo la kanga.

"Akija mwingine, mimi nitatoa wembe wangu. Wa kiapo sitaki."

"Watasema mwizi."

"Sasa hivi watasema nimefundishwa na wewe. Na yule mtani amekuja kuniomba mmoja, kimyakimya, anajifanya anataka kunyoa ndevu. Ndevu zenyewe hana." Akanisukuma begani. "Nenda. Wabeja, asante kwa yote, shoga yangu. Ukifika piga simu, nami nikienda kliniki ya mimba nitawaambia wanipime hicho chako."

Nilipita Kahama, nikaunganisha gari la Geita, barua ya daktari ikiwa kifuani. Njiani niliamua jambo moja. Daktari alikuwa ameniambia silazimiki kumwambia mtu yeyote, ni siri yangu na ya hospitali. Ni haki yangu na ninaijua. Lakini nilishasema mbele ya duara zima. Nikianza tena kunong'ona kwa watu wasionijua, ningekuwa nimewapa ushindi wale waliocheka. Nikaamua kwamba atakayenipangisha chumba kwa miezi ya dawa atajua kabla sijashika ufunguo. Akikataa, akatae mapema.

Wa kwanza alikataa. Ilikuwa gesti karibu na stendi ya Geita. Kijana wa mapokezi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema vyumba vimejaa, na nyuma yake funguo zilikuwa zimening'inia kwenye misumari kama meno. Nikamwambia, "Vyumba vyenu vimejaa funguo." Nikabeba furushi langu.

Nikaulizia chumba mtaa wa Kalangalala. Watu wakanielekeza kwa mama mmoja muuza vitenge, mwenye ushungi na miwani mizito, ambaye wazee wake, alivyokuja kunieleza, walitoka pwani wakapitia Tabora wakifuata biashara. Nyuma ya duka alikuwa na uwanja uliofagiwa vizuri na vyumba vinne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka wapi na vumbi hilo?"

"Mwakitolyo. Natafuta chumba. Lakini kuna kitu nataka ukijue kwanza."

"Una mume mlevi?"

"Sina mume."

"Basi sema."

Nikasema. Homa ya ini aina C, inapita kwenye damu, haipiti kwenye sahani wala choo wala kitanda, nimekuja kufuata dawa kliniki, nitakaa mpaka ziishe. Niliyasema kwa ukali kidogo, kama mtu anayekabidhi kesi. Alikuwa akikunja kitenge, na aliendelea kukikunja mpaka pembe zikakutana.

"Umeijuaje? Maana unaonekana mzima."

"Nilikwenda hospitali na kidonda cha mguu. Dharura wanampima kila mtu, hata ukienda na mguu."

"Kila mtu?"

"Kulikuwa na katekista."

"Astaghfirullahi." Akavua miwani akaifuta kwa ushungi. "Mimi uzazi wangu wa mwisho niliongezewa damu. Zamani sana. Mwanangu huyo sasa ana ndevu. Hakuna aliyewahi kuniambia nipime hicho."

"Si lazima uwe nacho, mama."

"Najua si lazima. Nakuuliza kitu kingine. Mpaka nivunjike mguu ndiyo nipimwe?"

Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu Mwakitolyo. "Nafikiri ukiomba watakupima."

"Utakapokwenda hiyo kliniki yako, tunaongozana. Wakitukatalia, utanisukuma nianguke pale mlangoni, waniingize dharura." Akainuka, akatangulia uani, akafungua mlango wa chumba cha mwisho. "Hapa hatukaangi dagaa ndani ya chumba, harufu inaingia kwenye vitenge. Wageni wa kiume mwisho magharibi. Maji ni ya bomba, yakikatika kuna pipa. Unakoroma?"

"Sikoromi."

"Mpangaji aliyetoka alikuwa anakoroma mpaka kuku wanaamka."

Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, dirisha lenye wavu, na msumari mmoja ukutani. Nikatundika kitenge changu kwenye msumari, nikakaa kitandani, nikaanza kufungua kamba za viatu. Nje nilimsikia akimwambia jirani kwa sauti ya duka, bila kunong'ona hata kidogo, kwamba amepata mpangaji, na kwamba huyo jirani naye, kwa umri wake na zile sindano zake za mtaani, hebu ajiandae, kuna mahali watakwenda.